Askari amekukosea na lalamiko limekwama: namna ya kulifikisha kwenye mapitio huru, kwa wakazi wa Arusha na Moshi

Lalamiko dhidi ya askari lina sehemu mbili. Ya kwanza ni tendo lenyewe: ulipigwa, ulilazwa mahabusu siku tatu bila kufikishwa mahakamani, simu yako ilichukuliwa bila hati, uliombwa "hela ya mafuta" ili gari la polisi litoke. Ya pili inaanza siku ulipolipeleka lalamiko hilo: nani alilipokea, alifanya nini nalo, alikujibu lini, au hakukujibu kabisa. Watu wengi huandika kurasa nne kuhusu sehemu ya kwanza na mistari miwili kuhusu ya pili. Faili linapofika kwa mtu wa nje ya Jeshi la Polisi, swali lake la kwanza ni hili: polisi wenyewe walilishughulikiaje? Kama huna karatasi ya kulijibu, faili linarudi mkoani kwenda kuanza upya.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia mwisho. Kwanza tuone nani atakayelipitia lalamiko lako, halafu turudi nyuma tuandae anachohitaji kusoma.

Nani analipitia

Kenya ina chombo cha kiraia kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2011 kwa kazi hiyo tu, IPOA, na wanaovuka Namanga mara kwa mara hudhani na sisi tunacho. Tanzania Bara hatuna chombo cha namna hiyo. Kilicho karibu zaidi ni Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyowekwa na ibara ya 129 ya Katiba na kupewa sheria yake, Namba 7 ya mwaka 2001. Makao makuu yako Dodoma. Haina ofisi kila mkoa, kwa hiyo mtu wa Ngarenaro au Pasua atafanya nayo kazi zaidi kwa barua, simu na barua pepe.

Jua mapema uwezo wake na mipaka yake. Tume inaweza kuita mashahidi, kudai majalada na kuingia kwenye vituo na mahabusu kukagua. Inachunguza uvunjaji wa haki za binadamu, na pia kile ambacho sheria yake inakiita ukiukaji wa misingi ya utawala bora: kucheleweshwa bila sababu, upendeleo, matumizi mabaya ya madaraka. Hapo kwenye utawala bora ndipo lalamiko lililokaliwa mezani linapoingia. Lakini Tume haimfukuzi askari kazi wala haimfungi. Inatoa mapendekezo kwa mamlaka husika, na mamlaka hiyo inatakiwa kuieleza imechukua hatua gani ndani ya muda ambao Tume inaupanga, usiozidi miezi 3. Isipofanya hivyo, Tume inaweza kwenda mahakamani au kupendekeza mtu mwingine aende. Si maneno ya karatasini tu: katika suala la wanakijiji wa Nyamuma, Serengeti, Serikali ilikataa mapendekezo ya Tume, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu (LHRC) kikalipeleka shauri mpaka Mahakama ya Rufani, na mahakama ikakubali kwamba mapendekezo ya Tume yanaweza kukaziwa kupitia mahakama.

Makamishna wake huteuliwa na Rais baada ya mapendekezo ya Kamati ya Uteuzi, na Katiba inampa Rais nafasi ya kutoa maelekezo kwa Tume kwa maslahi ya taifa. Msomaji mwenye mashaka na neno "huru" ana haki ya mashaka yake. Hata hivyo alipouawa mwandishi Daudi Mwangosi kijijini Nyololo, Iringa, Septemba 2012, Tume ndiyo iliyotoka mwaka huohuo na taarifa kwamba polisi walivunja sheria na haki za binadamu. Askari aliyehusika alikuja kuhukumiwa na Mahakama Kuu mwaka 2016, kifungo cha miaka 15. Kazi ni mbili na milango ni miwili: Tume inasema kilichokosewa, mahakama inaadhibu.

Hakikisha kwanza ni askari wa nani

Malalamiko mengi ya Arusha na Moshi huenda kwenye ofisi isiyohusika siku ya kwanza tu. Aliyekunyang'anya bidhaa karibu na Soko la Kilombero anaweza kuwa askari wa jiji, ambaye bosi wake ni Mkurugenzi wa Jiji. Moshi, mwajiri wa askari wa namna hiyo ni Manispaa. Aliyekukamata usiku mtaani anaweza kuwa mgambo aliyetumwa na mtendaji wa kata. Aliyekuchapa ukichunga pembezoni mwa hifadhi ni askari wa mamlaka ya hifadhi. Hao wote Kamanda wa Polisi wa Mkoa (RPC) hawaamuru, na barua yako kwake itajibiwa kwa sentensi moja. Tume, kwa upande wake, inaweza kuwachunguza wote kwa kuwa ni watumishi wa umma.

Kwa polisi, andika alama hizi mapema iwezekanavyo, hata kama ni kwenye kiganja:

Namba ya askari. Wa vyeo vya chini wana herufi ikifuatiwa na tarakimu, askari wa kike wana WP, na ukiona D mbele ya cheo (D/C, D/CPL, D/SGT) ujue ni mpelelezi. Kuanzia mkaguzi msaidizi kwenda juu hutambulika zaidi kwa jina na cheo.

Gari. Magari ya polisi yana namba zinazoanza na PT. Wakija na Noah ya kiraia, namba yake ni muhimu maradufu.

Kituo na zamu. "Kituo Kikuu, saa 4 usiku, kaunta" inatosha kumpata mtu, maana zamu zinaandikwa. Usipojua jina, eleza sura, urefu, lafudhi na alichovaa, na useme wazi hulijui. Jina la kubahatisha ni baya kuliko kukosa jina: likimwangukia askari aliyekuwa likizo siku hiyo, barua yako yote inaonekana ya uongo.

Siku 3 za kwanza

Kama umeumia, hospitali ni kabla ya barua. Majeraha makubwa yanatibiwa kwanza, fomu baadaye. Fomu ni PF3, inatolewa na polisi, na haina malipo. Tatizo la wazi: unaomba fomu kwa watu unaowalalamikia. Usibishane kaunta. Nenda kituo kingine. Aliyeumizwa Muriet anaweza kuchukua PF3 Kituo Kikuu au Usa River, wa Majengo akaenda Moshi Kati au Himo. Ukiulizwa sababu, sema umeshambuliwa na unahitaji matibabu. Maelezo marefu yaache kwa barua.

Daktari wa Mount Meru, Mawenzi au KCMC akishaijaza, ipige picha pande zote mbili kabla haijarudi polisi. Hapa ndipo mafaili mengi hufia. PF3 ni karatasi ya polisi, inarudi kwenye jalada, na ikipotea huko huna pa kuidai. Omba pia nakala ya maelezo ya matibabu na utunze kadi yenye namba ya hospitali, kwa sababu hospitali ina kumbukumbu zake ambazo Tume inaweza kuziomba yenyewe.

Picha za majeraha zipigwe siku ya kwanza na siku ya tatu. Michubuko ya rungu mara nyingi haionekani vizuri siku ileile, inakolea baadaye. Weka sarafu ya shilingi 200 pembeni ya jeraha ili ukubwa uonekane, piga moja ya karibu na moja ya mbali inayoonyesha ni mwili wa nani. Usizipitishe WhatsApp kabla ya kuhifadhi zile halisi, maana WhatsApp inazipunguza na kufuta tarehe iliyomo ndani ya picha.

Kamera za duka, sheli au lodji: mifumo mingi hujifuta yenyewe baada ya siku chache au wiki chache. Mwombe mwenye nayo akunakilie kwenye flashi, na umwombe aandike kwenye karatasi tarehe, jina lake na kama saa ya mashine iko mbele au nyuma. Tofauti ya dakika 40 ambayo hukuieleza itatumiwa kuonyesha kwamba video si ya tukio hilo.

Hela ikishatoka kwa simu, ujumbe wa muamala usiufute hata kama umepigwa picha. Namba ya muamala ndiyo inayoonyesha jina la mpokeaji, na mara nyingi ni wakala aliye ng'ambo ya kituo. Ila tahadhari: anayetoa rushwa naye yuko ndani ya sheria ya rushwa. Kama hujalipa bado, piga TAKUKURU, namba 113 bila malipo, waweke mtego. Kama umeshalipa, ongea na mwanasheria au msaidizi wa kisheria kabla ya kuandika sentensi yoyote.

Kama ndugu yako bado yuko ndani, karatasi zisubiri kidogo. Aliyekamatwa bila hati anatakiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 au apewe dhamana, isipokuwa kwa makosa yenye adhabu ya kifo, ambayo nayo yanatakiwa yafike mahakamani mapema iwezekanavyo. Dhamana ya polisi haina malipo. Ana haki ya kuwasiliana na ndugu au wakili, na muda wa msingi wa kumhoji ni saa 4, unaoweza kuongezwa kwa utaratibu maalumu. Andika kila mlipofika kituoni: saa, mliyemkuta, alichosema. "Njoo kesho" tatu zenye saa na majina ni ushahidi. Akipita siku kadhaa bila kuonekana, wakili anaweza kuiomba Mahakama Kuu iamuru aletwe mbele yake, na kwa kawaida maombi hayo husikilizwa kwa haraka kuliko barua yoyote.

Barua ya kwanza

Ipeleke kwa nani? Kwa jambo dogo, mkuu wa kituo (OCS) au mkuu wa polisi wa wilaya (OCD) anatosha, na mara nyingine linaisha mchana uleule. Kwa kipigo, rushwa, kubambikiwa kesi au mtu kupotea, andika kwa RPC moja kwa moja, nakala kwa OCD. Ukiwa Boma la Ng'ombe au Himo usipeleke kwa RPC wa Arusha kwa kuwa tu umezoea kwenda Arusha. Hai na Moshi Vijijini ni mkoa wa Kilimanjaro, ofisi yake iko Moshi.

Barua isizidi kurasa 2. Hati mbili za viambatanisho zenye nguvu zinazidi kumi dhaifu. Mfano wa mwanzo wake:

"YAH: MALALAMIKO YA KUPIGWA NIKIWA CHINI YA ULINZI TAREHE 14 MACHI, KITUO CHA ______

1. Mimi ni mkazi wa Mtaa wa ______, Kata ya ______.
2. Tarehe 14 Machi, saa 2:30 usiku, nilikamatwa barabarani na askari watatu waliokuwa na gari PT ______. Mmoja alivaa sare yenye jina ______.
3. Nikiwa chumba cha mashtaka, askari huyo alinipiga kwa rungu kwenye paja la kushoto na mkono wa kulia. Walioshuhudia ni ______ na ______.
4. Niliachiwa tarehe 16 Machi, saa 5 asubuhi, bila kufikishwa mahakamani na bila kuelezwa kosa.
5. Nilitibiwa Hospitali ya ______ tarehe 16 Machi. Nakala ya PF3 imeambatanishwa.
6. Ninaomba: (a) lalamiko hili lifunguliwe jalada na nipewe namba, (b) lichunguzwe na ofisa asiyetoka kituo hicho, (c) kitabu cha mahabusu cha tarehe 14 hadi 16 Machi kihifadhiwe, (d) nijibiwe kwa maandishi."

Ombi la (b) na la (c) ndiyo moyo wa barua, na karibu kila mtu huyaacha. Ukiomba mchunguzi asiyetoka kituo hicho na wakampa kazi mkuu wa kituo hichohicho, tayari umepata hoja ya mapitio huru ambayo haihitaji shahidi: barua inaonyesha uliomba, jibu linaonyesha walivyofanya. Na kitabu kilichoombwa kwa maandishi kihifadhiwe, kisha "kikapotea", ni jambo zito mbele ya Tume kuliko kitabu ambacho hakuna aliyewahi kukiulizia.

Usitaje namba za vifungu vya sheria kama hujazisoma mwenyewe. Sheria zimechapwa upya hivi karibuni na namba nyingi zimehama. Zinazozunguka kwenye magrupu ni za zamani. Taja maudhui: "nilikaa zaidi ya saa 24". Maneno kama "majambazi wenye sare" yaache barazani. Aliyeandika kwa utulivu anaaminika, na pia kutoa taarifa za uongo kwa mtumishi wa umma ni kosa la jinai. Tenganisha uliyoyaona, uliyoambiwa na unayoyahisi.

Jambo lingine la kuacha nje: mgogoro wa shamba au deni lililosababisha ukamatwe. Wachunguzi wakiona kurasa mbili za historia ya kihamba cha babu, wanaandika "mgogoro wa ardhi, aende baraza la ardhi" na kufunga. Sentensi moja ya mgogoro inatosha: "Nilikamatwa kufuatia madai ya ______."

Masijala

Barua isiyogongwa muhuri haijapelekwa. Chukua nakala 3: ya ofisi, ya nakala kwa OCD, na yako. Nenda masijala ya RPC asubuhi, si kwa askari wa getini, na uombe muhuri wa kupokelea wenye tarehe kwenye nakala yako. Wakikataa kugonga, omba aliyepokea aandike jina, cheo na tarehe kwa mkono. Wakikataa na hilo, toka, andika nyuma ya nakala yako saa na ulichoambiwa, kisha itume ileile kwa EMS au kwa rejista ya posta na utunze risiti. Kuituma kwa kondakta wa basi ni haraka na ni rahisi, ila hakuna anayesaini popote.

Nakala halisi za hati usitoe. Kiambatanisho chochote kiwe fotokopi. Mchunguzi akitaka ya asili, aje aione mbele yako na aandike kwamba ameiona.

Mfumo wa Serikali wa e-Mrejesho unapokea malalamiko kwa simu, *152*00#, na unatoa namba ya kufuatilia. Utumie kama nyongeza inayothibitisha tarehe. Nafasi ya maelezo ni ndogo mno kubeba jambo zito.

Na mikutano ya kero? Arusha tunaipenda sana: mtu anashika kipaza sauti mbele ya mkuu wa mkoa, RPC anasimamishwa ajibu hapohapo, watu wanapiga makofi. Inasaidia kuamsha jalada lililolala. Lakini agizo la jukwaani halina namba. Kesho yake asubuhi andika barua: "Kufuatia agizo lililotolewa hadharani tarehe ______ katika uwanja wa ______..." na uigonge muhuri. Usipofanya hivyo, wiki tatu baadaye hakuna anayekumbuka.

Kukumbusha na kupanda ngazi

Fungua daftari la kurasa 40 na uligawe safu nne: tarehe na saa, niliyeongea naye, alichosema, karatasi inayothibitisha. Kila simu iingie, kila safari iingie. Hili daftari ndilo litakalokuwa sehemu ya pili ya lalamiko, ile tuliyoanza nayo.

Kipimo tunachopendekeza, ambacho si cha kisheria bali cha mazoea: kumbusha kwa barua fupi baada ya siku 21, siku 14 baadaye kumbusha tena na utaje kwamba usipojibiwa utaandika kwa Inspekta Jenerali wa Polisi, Dodoma, nakala kwa Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Siku nyingine 30 zikipita, nenda Tume. Kwa mtu aliyefia mikononi mwa polisi au aliyepotea, usifuate kipimo hiki. Andika kote siku ya kwanza. Kifo cha aliye mahabusu kinatakiwa kifanyiwe uchunguzi wa kimahakama chini ya sheria ya uchunguzi wa vifo, mbele ya hakimu, na familia iombe hilo kwa maandishi na iombe daktari wake awepo wakati wa kupasua mwili. Mwili ukishazikwa, kila kitu kinakuwa kigumu.

Jibu la polisi mara nyingi huwa moja kati ya matatu. "Uchunguzi unaendelea": uliza umefikia wapi, nani anaufanya, na mashahidi uliowataja wamehojiwa au la. "Askari amechukuliwa hatua za kijeshi": hapo inamaanisha hatua za nidhamu ndani ya jeshi, na inaweza kuwa chochote kuanzia karipio hadi kufukuzwa, uliza ni hatua gani, na kama kosa ni la jinai uliza kwa nini jalada halikwenda ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka. "Lalamiko halina ushahidi": omba sababu kwa maandishi na orodha ya waliohojiwa. Mashahidi wako wakikuambia hawajaitwa, kila mmoja aandike nusu ukurasa wenye tarehe, saini na namba ya kitambulisho. Hakuna karatasi itakayomsaidia mpitiaji huru kuliko hiyo.

Katikati ya safari hii atakuja mzee. Atakuwa shemeji wa askari, au mwenyekiti wa mtaa, au mzee wa ukoo mwenye heshima zake, na atasema yamalizwe kinyumbani. Kupatana si kosa, na kuna watu wamepata fidia na kuombwa radhi kwa njia hiyo mapema kuliko kwa njia yoyote. Shida ni karatasi utakayopewa kusaini mwishoni. Ikisema "ninafuta malalamiko, niliyoyasema hayakuwa ya kweli", usiisaini hata kwa shilingi milioni. Umejikiri mwongo, na unaweza kushtakiwa kwa karatasi hiyohiyo. Kama mmepatana, iandikwe "tumepatana kuhusu fidia" na tukio libaki lilivyotokea.

Kwenda Tume

Kulalamika Tume hakuna ada na hakuhitaji wakili. Unaweza kulalamika kwa mdomo au kwa maandishi, kwa niaba yako au ya mtu mwingine ambaye hawezi, mfano aliye ndani. Kwa umbali wetu, maandishi ni bora. Tuma kifurushi hiki, kwa mpangilio huu:

Ukurasa 1: barua yenyewe, yenye aya mbili tu za tukio, aya tatu za namna polisi walivyolishughulikia, na unachoomba. 

Ukurasa 2: mtiririko wa tarehe, ulionakiliwa kutoka kwenye daftari.

Kisha viambatanisho vyenye alama A, B, C: barua zilizogongwa muhuri, majibu, PF3 na matibabu, maelezo ya mashahidi, picha zisizozidi 6. Video weka kwenye flashi, na uandike dakika gani itazamwe. Usimtumie mtu video ya saa mbili.

Kwenye maombi usiandike "haki itendeke". Andika mambo ambayo Tume inaweza kuyafanya: idai jalada la lalamiko na kitabu cha mahabusu, ieleze kama uchunguzi wa polisi ulifanywa na mtu asiye na maslahi, ipendekeze uchunguzi mpya, fidia au hatua dhidi ya askari, ikuletee nakala ya uamuzi.

Tume inaweza kukataa: kama jambo ni dogo au limeletwa kusumbua tu, kama kuna njia ya wazi ambayo hukuijaribu, kama huhusiki nalo. Ndiyo maana ya barua za mwanzo. Na inakatazwa kuchunguza jambo lililoko mahakamani. Kama umeshtakiwa na unadai ulipigwa ili ukiri, mahali pa kulisema ni mbele ya hakimu siku ya kwanza kabisa unapofikishwa, ukiomba liandikwe na upelekwe hospitali. Maelezo ya kukiri yakija kutolewa, wakili wako atayapinga, na mahakama itachunguza kwanza, kando ya kesi yenyewe, kama yalitolewa kwa hiari. Aliyenyamaza mpaka siku hiyo huulizwa kwa nini hakusema mapema.

Saa zinazokwenda ukiwa unasubiri

Hili linaumiza watu zaidi ya yote. Kusubiri Tume hakusimamishi muda wa mahakama.

Mapitio ya kimahakama ya uamuzi wa ofisi ya umma: ruhusa iombwe Mahakama Kuu ndani ya miezi 6 tangu uamuzi.

Madai ya fidia kwa kupigwa au kufungwa isivyo halali: kwa kawaida miaka 3. Lakini kabla ya kuishtaki Serikali unatakiwa kutoa notisi ya siku 90, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, ambaye lazima aunganishwe kwenye shauri. Kwa hiyo miaka 3 yako kwa kweli ni miaka 3 kasoro miezi mitatu.

Mahakama ya Afrika Mashariki, iliyopo hapohapo Arusha: miezi 2 tu tangu tendo au tangu ulipolijua, na haihitaji uwe umemaliza njia za nyumbani. Ni fupi kiasi kwamba wengi wanaisikia ikiwa imeshapita. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu nayo ipo Arusha, na kila mwaka kuna watu wanaotaka kupeleka barua pale. Tanzania ilijiondoa kwenye tamko linaloruhusu watu binafsi kwenda moja kwa moja. Tangu Novemba 2020 mlango huo umefungwa kwa mashauri mapya.

Shauri la haki za kikatiba nalo, tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2020, linakutaka uonyeshe kwa kiapo namna ulivyoathirika wewe mwenyewe na kwamba umemaliza njia nyingine. Daftari la safu nne na nakala zenye mihuri ndivyo vitakavyoambatanishwa kwenye kiapo hicho.

Kwa kuwa Tume haigusi jambo lililoko mahakamani, amua mpangilio kabla. Kwa kawaida: Tume kwanza, notisi ya siku 90 iandaliwe mapema iwe tayari, na kalenda ya ukutani iwekewe alama miezi mitano tangu uamuzi na miezi thelathini na miwili tangu tukio. Kwa hesabu hizi tafuta msaada: LHRC wana ofisi Arusha, KWIECO wanatoa msaada wa kisheria Moshi, na wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wapo kwenye wilaya. Uliza kwa ofisa ustawi wa jamii au mtendaji wa kata akuelekeze kwa aliyesajiliwa. Kuna matapeli wanaozurura karibu na mahakama wakiuza "fomu za Tume". Fomu ya Tume haiuzwi.

Ukipokea barua ya Tume yenye namba ya jalada, iandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari na kwenye kila barua utakayotuma baada ya hapo. Ukihama mtaa au kubadili laini, wajulishe wiki hiyohiyo kwa maandishi. Mchunguzi akipiga simu mara tatu bila kupokelewa, jalada linaweza kufungwa kwa sababu mlalamikaji hapatikani, na hapo hakuna polisi wa kulaumiwa.